Esnath Wawili kwenye Benchi Moja

Jumatatu, 5 Mei 2025

Ukungu tangu alfajiri. Nikiwa dukani sioni hata mlango wa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Wateja wawili. Mmoja kutoa kopi ya kitambulisho, mwingine kuuliza kama nimemwona yule wa kwanza.

Jana kikaoni nimedhalilika. Chama chetu cha kufaana, Bondeni, kina kazi mbili tu: kumzika mwenzetu akifa na kumshangilia akioa. Mwaka huu mimi, Anyitike, mwenye duka la steshenari hapa Tukuyu na elimu ya kompyuta niliyojipatia kwa kukodolea macho video, nimewatengenezea mfumo wa mtandaoni. Katibu anaandika tukio. Mfumo unamtafuta mhusika, kisha unawatumia wanachama wote meseji: nani, wapi, waje na nini. Ndizi, kuni, majembe. Mambo ya kumtuma mtu akimbie na habari kutoka Igogwe mpaka Lupepo yamekwisha.

Sasa malalamiko. Mwenyekiti, Mzee Ambilikile, amesema akifungua ukurasa wa wanachama anaweza kuteka maji, kuchemsha chai na kuinywa, ndipo atokee mwanachama wa kwanza. Halafu akaongeza baya zaidi. Amebadili namba yake ya simu kwenye mfumo tena na tena, na ile ya zamani inarudi yenyewe kama paka aliyetupwa porini.

Medard akacheka kwa adabu. Medard ndiye katibu wetu, bwana shamba aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, kijana mtanashati mwenye buti ambazo tope la Rungwe linaziogopa. Akapendekeza turudi kwenye kundi lake la WhatsApp. Uamuzi Jumapili ijayo.

Nimeapa. Mfumo ukipita, nitaomba cheo cha Mratibu wa Mtandao. Mratibu ni kiongozi, na viongozi kikaoni hukaa kwenye viti vya plastiki vyenye mikono. Sisi wengine benchi. Nina miaka hamsini na mbili na sijawahi kupumzisha kiwiko kikaoni.

Jumanne, 6 Mei

Nimeugundua ugonjwa.

Kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu za wanachama, iko ndani kabisa. Ukurasa mmoja ukimtaka Mzee Ambilikile, mfumo unakimbia ghalani, unamtoa, unampiga kopi. Ukurasa mwingine ukimtaka, mbio tena, kopi nyingine. Ndiyo maana tunasubiri. Na kwa wakati mmoja kuna akina Mzee Ambilikile watano wanarandaranda humo ndani. Mmoja ana namba mpya, wanne wana ya zamani, na anayerudi ghalani wa mwisho ndiye anayeaminiwa. Sasa nimemwelewa yule paka.

Dawa yake ni benchi. Mtu akishatolewa ghalani mara moja, anakalishwa kwenye benchi, yaani kwenye kumbukumbu ya karibu ya seva, ile kompyuta inayoendesha mfumo. Atakayemtaka baadaye hapelekwi ghalani, anaonyeshwa aliyekaa pale. Hapewi kopi, anapewa mwenyewe. Ukimbadilishia namba ya simu, umembadilishia kwa kila anayemtazama. Mwanachama mmoja, kiwiliwili kimoja. Nilipofika hapo kwenye mawazo nilisimama peke yangu dukani nikajipigia makofi. Kinyozi aliniona.

Jioni nikamweleza Anneth, mke wangu, mwalimu wa darasa la tatu. Alikuwa anamenya ndizi. Akaniuliza hao watu wa kwenye benchi watatambulikaje. Nikasema kwa majina, jina la mtu na la ukoo wake. Kila mwanachama ana namba ya uanachama, kweli, lakini namba ni mambo ya mahabusu. Mtu huitwa jina.

Akasema darasani kwake ana akina Lilian watatu, na wawili ni wa ukoo mmoja. Akasema huku kwetu bibi akizeeka jina linahamia kwa mjukuu, shangazi linahamia kwa mpwa. Watu wanakufa, majina hayafi. Nikamwambia ya watoto ni ya watoto. Wanachama wangu ni watu wazima.

Akaendelea kumenya. Kumenya kwa namna hiyo nakujua, nimeishi nako miaka mingi. Lakini leo nilikuwa na kazi.

Jumatano, 7 Mei

Mfumo unapaa!

Mzee Ambilikile alikuja dukani kuujaribu. Akabonyeza, wanachama wakatokea kabla hajamaliza kuvaa miwani. Akabadili namba yake, akafunga, akafungua. Imekaa. Akafunga na kufungua tena, kwa kuvizia. Imekaa vilevile. Akasema, "Anyitike, kumbe una kichwa." Alisema kwa mshangao uliozidi kidogo ilivyohitajika, lakini nimepokea.

Baada yake nikamfungulia mama mkwe. Mama mkwe wangu ni Esnath Mwakalobo wa Mpuguso, mjane, mwenye migomba mizuri kuliko ya jirani yeyote na kumbukumbu kali ya ahadi zangu. Tangu mwaka juzi namwahidi kumchimbia shimo jipya la choo. Nikaona nimpe heshima ya namna nyingine. Nikamtoa ghalani, nikamwekea namba yake mpya ya simu, nikamkalisha kwenye benchi. Kisha nikampigia kumjulisha kwamba yeye ni miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kukaa kwenye kumbukumbu ya seva.

Akauliza kama hiyo seva inaweza kushika jembe.

Akaja pia Mzee Jacob wa Igogwe, aliyefiwa na mkewe siku nyingi. Aliniuliza kwa kunong'ona, duka likiwa tupu, kama chama bado kinamshangilia mtu wa umri wake akioa. Nikamwambia chama hakina umri. Alifurahi mpaka akasahau kofia. Mzee Jacob hana simu. Wazee wote wasio na simu nimewaandikia namba yangu, ili taarifa zao zije kwangu nami niwafikishie. Tukio moja, simu yangu inapokea meseji ileile mpaka inapata joto. Uongozi ni mzigo.

Medard naye alipita. Akajaribu, akasema, "Fasta kweli, mzee." Nilimwona ameingiwa na majonzi. Au labda ni baridi.

Kinachokosekana sasa ni tukio kabla ya Jumapili. Simtakii mtu kifo, hapana. Ila mfumo wa kuzikana usio na msiba ni kama gari la zimamoto: linang'aa, na hakuna anayelisifu.

Alhamisi, 8 Mei, asubuhi

Mungu anisamehe kwa sentensi ya mwisho ya jana.

Medard amepiga simu. Mwanachama wetu mmoja wa Lupepo amefariki alfajiri, mama mtu mzima, aliyekuwa akiishi peke yake ng'ambo ya kijito. Binti yake, Ikupa, alifika juzi kutoka Chunya kumuuguza. Ndugu wengine hawana. Kesho ni mazishi, na bila chama huyo binti hana mtu wa kumchimbia kaburi wala wa kumshika mkono. Medard amesema anaandika jina kwenye mfumo, kisha anawasha pikipiki anakwenda.

Sikuuliza jina. Mfumo unayajua majina.

Meseji zimeondoka nikiwa bado nimeshika simu. Nikatoka mlangoni kutazama. Kinyozi anasoma simu yake. Anamwacha mteja na nusu ya nywele. Anatoka na jembe. Mama wa genge anabeba mkungu mzima, hajauliza mtu. Machozi yamenilenga, ya msiba, na mengine kidogo ya ufundi.

Simu yangu nimeirudisha kwenye chaji, sasa inalia, ni Anneth. Atakuwa anataka kunipongeza.

Alhamisi, jioni

Hakunipongeza. Aliniuliza mama yake amekufa saa ngapi.

Alikuwa darasani, chaki mkononi, aliposoma kwamba mwanachama mwenzetu Esnath Mwakalobo wa Mpuguso amefariki, tufike na ndizi, kuni na majembe. Watoto wakamkalisha kwenye dawati na kumpepea kwa madaftari. Halafu, kwa kuwa ni mwalimu na lazima ahakiki, akampigia marehemu. Marehemu akapokea. Akasema yuko salama, ila amepata wageni wengi ghafla na hajui kama chumvi itatosha.

Nikafungua mfumo. Nikakosea nywila yangu mwenyewe. Basi, hii hapa. Aliyefariki Lupepo naye anaitwa Esnath Mwakalobo. Medard alipoandika jina, mfumo ukatazama benchi. Esnath Mwakalobo? Yupo, amekaa hapa tangu jana, namba yake mpya kabisa. Haukuona sababu ya kwenda ghalani kuuliza kama kuna mwingine. Na aliyemkalisha pale ni mimi.

Nikazima seva. Nikachukua bodaboda hadi Mpuguso.

Moshi niliuona kabla ya nyumba. Uani kumejaa. Wanawake wametandika majani ya migomba, masufuria yako motoni, Mzee Ambilikile amekaa na wanaume upande wa ukuta, ameinamisha kichwa kwa staha, ila sasa hajui anamstahi nani. Mama mkwe yuko katikati, kwenye kigoda, anaonja mchuzi.

Nikainama. Shikamoo, mama.

"Marahaba, mkwe. Unakuja kunizika mikono mitupu?"

Akanihurumia, akanisimulia mwenyewe. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yake Generosa, ambaye hawajasalimiana tangu ugomvi wa mbuzi. Generosa alianza kulia tangu barabarani, akasema uani kwamba Mpuguso haitapata mwanamke mwingine kama huyu, kisha akamkuta huyo mwanamke anafagia. Kilio kilikuwa kimeshachukua kasi, hakikuzimika, ikabidi mama mkwe ambembeleze. Sasa wanamenya ndizi pamoja. Mama mkwe amesema maneno yale hayafutiki, yamesikiwa na mashahidi.

Nikauliza wanaume wa majembe wako wapi. Akanyoosha kidole nyuma ya nyumba.

Wachimbaji walikuwa wameongozwa na Lusungu, mwenye kirikuu, kigari kidogo cha kubebea parachichi. Walipomkuta marehemu mzima waliona haya kurudi na majembe makavu. Naye akawaambia mtu aliyekuja na jembe harudishwi hivihivi. Nilipochungulia walikuwa wamezama mpaka mabegani. Shimo la choo. Limenyooka, kuta laini, kona nne. Nimelisema mwaka juzi na mwaka jana, wao wamelichimba kabla ya chakula cha mchana.

Mama mkwe alikuja nyuma yangu. Alilitazama shimo, akanitazama mimi, akalitazama shimo.

Hapo simu yangu ikaita. Ni Ikupa, amepewa namba yangu na Medard. Kitufe cha sauti kimeharibika, simu hupokea kwa spika tu, kwa hiyo uwanja wote ulisikia. Akaniamkia vizuri. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama chama kilimfuta mama yake, Esnath wa Lupepo, na kama kilimfuta, ni kwa kosa gani. Amesema mama yake hakukosa msiba wa mtu hata mmoja. Asubuhi amewaona majirani zake wenyewe wakipita chini barabarani na mikungu ya ndizi.

"Niliwapungia, baba. Wakadhani nawasalimia. Wakanipungia."

Mpaka sasa, akasema, amekuja katibu peke yake.

Lusungu alitoka shimoni, udongo mpaka masikioni. Mama mkwe akanichukulia simu mkononi, akamwambia, "Mwanangu, tunakuja. Usifunge mlango." Akasimama.

"Mwenzangu amelala peke yake," akasema, "nanyi mmekaa hapa mnakula ndizi zake?"

Hakupandisha sauti. Akajifunga kitenge cha pili kiunoni, akaamuru masufuria yafunikwe na kupakiwa yakiwa ya moto vilevile. Akapanda kirikuu mbele, kando ya Lusungu. Generosa nyuma na ndizi, mimi juu ya kuni. Wengine wakafuata kwa pikipiki na kwa miguu, msafara mzima wa watu waliokuwa wameshamaliza nusu ya machozi yao kwa mtu mwingine.

Lupepo kulikuwa na ukungu. Ikupa alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mlango wazi nyuma yake, mikono mapajani. Aliposikia gari hakuinuka. Nadhani alifikiri tunapita na sisi. Mama mkwe akashuka, akaenda moja kwa moja, akainama mpaka nyuso zao zikalingana.

"Mimi ni Esnath," akamwambia. "Nimekuja kumlilia Esnath. Hawa watu walikuja kwangu kwa makosa. Nimekuletea wote, sikubakiza hata mmoja."

Ikupa akamwangukia begani. Kilio kikaanza chenyewe, kikaenda mpaka ng'ambo ya kijito. Mimi niliangalia migomba. Ilikuwa migomba mizuri.

Nyuma ya nyumba nilimkuta Medard. Amevua koti, amelitundika kwenye mti, anachimba kaburi peke yake. Ameshafika magotini. Zile buti sasa zimeshika tope, hakuna pa kuzitambua. Alipofika na kuona hakuna mtu, hakurudi. Alitafuta jembe.

Nikachukua la pili. Hakunigombeza. Tukachimba, Lusungu na wenzake wakaungana nasi, wana mazoezi ya siku hiyohiyo. Baada ya muda Medard akajifuta jasho.

"Mzee," akasema, "mfumo wako una mbio kweli. Kasoro usukani."

Nimechimba zaidi.

Ijumaa, 9 Mei

Tumemzika. Mvua ilisubiri mpaka udongo wa mwisho, ikanyesha.

Watu walikuwa wengi kupita msiba wowote mwaka huu. Wa Mpuguso walirudi, wa Lupepo walikuja na aibu yao, na wengine ambao si wanachama walifika kwa kusikia kwamba kuna marehemu amekuja kumzika marehemu mwenzake. Mama mkwe alikaa kando ya Ikupa tangu mwanzo mpaka mwisho. Walimwomba aseme neno kaburini. Akasema hakumfahamu marehemu vizuri, ila kwa siku moja amepata kujua watu wanavyomlilia mwenye jina lao wawili, na anamshukuru kwa kumwazima kilio hicho.

Ikupa alinishika mikono yote miwili. Akasema ndaga fijo, baba, asante sana. Ameambiwa umati ule uliitwa na mashine yangu. Nikamjibu kwamba tulijitahidi. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Alikohoa, kikohozi kirefu.

Anneth haongei nami. Lakini chakula changu nimekikuta kimefunikwa. Kufunikwa ni dalili njema.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeandaa utetezi wa kesho. Hoja ya kwanza: benchi lenyewe halina kosa. Hoja ya pili: wazazi wangetafuta majina mapya. Nikamsomea Anneth ya pili. Akachukua sahani yangu, ikiwa bado na chakula, akaiondoa.

Nimefuta hoja ya pili.

Baadaye akaja akakaa karibu yangu. Akaniambia kwamba katika ule muda kati ya meseji na mama yake kupokea simu, alikuwa ameshapanga kichwani nani atamwambia binti yetu Tulia, na yeye amvike mama yake nguo gani. Akasema alishaichagua. Ile ya bluu.

Nilimwomba radhi, bila namba wala vipengele. Akasema sawa, Baba Tulia. Tukakaa tu, mvua ikanyesha.

Jumapili, 11 Mei

Kikao. Nilivaa koti. Nilikaa benchi, karibu na mlango.

Nilitegemea Medard anichinje. Hakunichinja, na hilo lilinikera kuliko kuchinjwa. Alisimulia yaliyotokea bila kuongeza chumvi. Akasema kosa halikuwa kumkalisha mtu kwenye benchi, kosa ni kumtambua kwa jina. Jina la mtu huku kwetu ni la watu. Namba ya uanachama hupewa mmoja na hairudiwi. Mfumo uwatambue wanachama kwa namba hiyo, basi, tuendelee nao. Alisema "huku kwetu". Mtu wa Bukoba.

Mzee Ambilikile akauliza kama kuna mwenye neno. Mama mkwe akasimama.

"Mimi ndiye niliyekufa," akasema, "kwa hiyo nianze mimi."

Ukumbi ulichukua muda kutulia. Akasema akiwa hai ameomba shimo miaka miwili. Amekufa asubuhi, mchana shimo likawa tayari. Amewaona waliokuja, na ambao hawakuja amewaona pia, wanajijua. Akasema siku yake ya kweli ikifika anataka aandikwe kwenye hichohicho kidude cha mkwe wake, maana kina mbio. "Ila mniandike mimi," akasema. "Na Esnath mwenzangu asiachwe tena akiwapungia watu mkono."

Hakuna aliyecheka hapo.

Azimio limepita: mfumo ubaki, kila mtu atambuliwe kwa namba yake ya uanachama. Medard akaandika. Habari ya Mratibu wa Mtandao haikutajwa na mtu. Kisha Mzee Ambilikile akamwinua mama mkwe, akampa kiti chake mwenyewe, kile chenye mikono, akisema mtu aliyerudi kutoka kwa wafu hakai benchi. Mama mkwe akaweka viwiko vyote viwili. Alinitazama. Anajua.

Njiani Anneth alianza kucheka, akashindwa kuacha, ikabidi ashike mti. Akaniambia, "Baba Tulia, weka ile namba ya uanachama. Usiongeze akili yoyote juu yake." Nikamwahidi, tena kwa moyo mweupe.

Jumanne, 13 Mei

Nilikuwa nataka kuweka namba ya uanachama. Kweli kabisa. Nilishakaa, nilishafungua programu.

Lakini nani anayeikumbuka namba yake ya uanachama? Mzee Ambilikile mwenyewe haikumbuki. Namba anayoijua kila mtu, hata ukimwamsha usingizini, ni ya simu. Na laini haifanani na nyingine, kampuni haziwezi kuruhusu. Kikao kilitaka namba isiyorudiwa; nami nimewapa namba isiyorudiwa na inayokumbukika. Medard atashukuru akielewa. Benchi sasa linamtambua kila mtu kwa namba yake ya simu. Nimejikalisha mimi mwenyewe wa kwanza, kwa majaribio. Nimekaa vizuri.

Na bahati imekuja upesi. Medard amepiga sasa hivi, ana furaha. Mzee Jacob wa Igogwe amekubaliwa, ndoa ni Jumamosi ya wiki ijayo, tena bibi harusi ni wa Lupepo. Akauliza kama nimeweka namba kama tulivyoazimia. Nikamjibu namba nimeweka. Akasema safi, mzee, akamchagua Jacob kwenye orodha, akabonyeza.

Zimeondoka. Kufumba na kufumbua. Simu yangu inatetemeka juu ya meza, haipumziki, ni meseji za wazee wangu wasio na simu, wote niliowaandikia namba yangu hiihii, ileile kwa kila mmoja. Sijaisoma. Habari ya furaha haina haraka.

Kinyozi ametoka mlangoni kwake. Ananitazama. Anatikisa kichwa polepole, halafu ananinyooshea dole gumba. Nimemrudishia.

Wanawake wa chama wanapandisha barabara, wana mikungu ya ndizi kichwani, wanapiga vigelegele. Generosa hapigi. Sijui kwa nini wamepitia huku, Igogwe ni upande mwingine. Nyuma yao kinakuja kirikuu cha Lusungu, mama mkwe amekaa mbele. Safari hii jembe amelishika yeye.

Anneth anapiga tena na tena. Nitapokea nikimaliza mstari huu. Nadhani kikao kimebadili mawazo, na wananiletea kile kiti.